Mnyororo Uliotangulia Sarafu

Kuanzia mwaka 1995, msomaji wa gazeti la New York Times aliyefika kwenye kurasa za matangazo madogo, pale panapotangazwa vitu vilivyopotea na kuokotwa, angekuta kila wiki kijitangazo cha ajabu: mfululizo wa herufi na tarakimu usiotamkika wala kusomeka. Uliwekwa na kampuni ndogo ya Kimarekani iitwayo Surety, na kazi yake ilikuwa kuthibitisha kwamba nyaraka za wateja wa kampuni hiyo hazijaguswa na mtu tangu zilipopokelewa. Nyuma ya tangazo hilo kulikuwa na mnyororo wa kumbukumbu wa aina ile ambayo leo tunaiita blokucheni, nao uliitangulia Bitcoin kwa karibu miaka kumi na minne.

Naanza na tangazo hilo kwa sababu karibu kila maelezo ya blokucheni anayokutana nayo mtu mgeni huanza na fedha: nani ametajirika, nani ametapeliwa, bei imepanda au imeshuka. Tukianzia hapo tunapotea mapema. Sarafu za kidijitali ni sura ya baadaye katika historia hii. Sura ya kwanza inahusu jambo la kale zaidi, linalomgusa mweka hazina wa kikundi, karani wa ardhi na hakimu kwa pamoja: daftari litunzwe na nani, na tutajuaje kama aliyelitunza hakulichezea? Ninachotaka kuonyesha ni kwamba blokucheni ni jibu la swali hilo tu. Ni jibu zuri pale ambapo swali lenyewe lipo, na ni mzigo wa bure pale ambapo halipo.

Swali hilo liliwakaba Stuart Haber na Scott Stornetta mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wote wawili walikuwa watafiti wa Bellcore, maabara ya mawasiliano iliyokuwa jimbo la New Jersey. Wakati huo ofisi na vyuo vilikuwa vinahamisha kumbukumbu zao kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kompyuta, na wao waliona hatari ambayo wengi hawakuiona. Karatasi husema yenyewe ikiguswa. Wino mpya hutofautiana na wa zamani, ukurasa uliochanwa huacha mshono, mahali palipofutwa hubaki na doa. Ndiyo maana watafiti wenye kutaka hataza waliandika uvumbuzi wao kwenye madaftari yaliyoshonwa, yenye kurasa zilizopigwa namba, na kila ukurasa ukatiwa tarehe na saini ya shahidi. Faili la kompyuta halina doa wala mshono. Ukibadilisha neno moja, au ukarudisha tarehe nyuma miaka mitatu, faili jipya litaonekana safi kama la awali.

Dawa iliyokuwa karibu ilikuwa kuanzisha ofisi ya kuaminika: kila mwenye hati apeleke nakala, ofisi iipige muhuri wa tarehe na kuihifadhi. Haber na Stornetta waliichambua dawa hiyo katika makala yao ya mwaka 1991 wakaikuta na kasoro kadhaa, tatu kati yake zikiwa hizi. Hati za siri zingesomwa na makarani. Hati kubwa zingejaza hifadhi. Na kasoro ya tatu ndiyo nzito: ofisi yenyewe italindwa na nani? Mteja mwenye fedha akikubaliana na mtunza muhuri, tarehe yoyote inaweza kupigwa kwenye hati yoyote. Wanaoijua historia ya masijala zetu hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa kasoro mbili za kwanza walitumia zana iliyokuwapo tayari katika hisabati ya siri, yaani hashi. Hii ni kanuni ya kompyuta inayomeza maandishi ya urefu wowote, barua ya mistari miwili au msahafu mzima, na kutoa mfuatano mfupi wa urefu uleule siku zote. Kanuni inayotumiwa sana leo, SHA-256, hutoa herufi na tarakimu 64. Maandishi yaleyale hutoa hashi ileile kila mara, popote duniani. Ukibadilisha nukta moja, hashi inageuka yote, isibaki hata dalili ya undugu na ile ya kwanza. Na kutoka kwenye hashi huwezi kurudi nyuma ukayafumbua maandishi yaliyoizaa. Idadi ya hashi zinazowezekana ni namba yenye tarakimu 78, kwa hiyo kutafuta maandishi mengine yenye hashi inayofanana ni kazi isiyo na mwisho wa kibinadamu. Mwenye hati basi hana haja ya kuipeleka ofisini. Anapeleka hashi yake tu: siri inabaki nyumbani, na hifadhi haijai.

Kasoro ya tatu waliitibu kwa mnyororo. Kila cheti kipya kinachotolewa kibebe ndani yake hashi ya cheti kilichokitangulia. Cheti cha pili kinashika cha kwanza, cha tatu kinashika cha pili, na kuendelea. Tuseme mtunza daftari amehongwa abadilishe cheti cha mwezi Machi. Akikibadilisha, hashi yake itageuka, na haitalingana tena na ile iliyoandikwa ndani ya cheti cha Aprili. Itambidi abadilishe cha Aprili pia, kisha cha Mei, hadi kufikia cha leo. Ili asiweze kufanya hivyo gizani, Surety, kampuni iliyozaliwa kutokana na utafiti huo mwaka 1994, ikaanza kuchapisha gazetini hashi moja inayobeba vyeti vyote vya wiki. Gazeti lile lilifika maktaba na majumba yasiyohesabika. Mwenye kutaka kughushi angelazimika kuzisaka nakala zote na kuzibadilisha.

Hapo tayari tunayo blokucheni katika mwili wake wote wa msingi: kumbukumbu zilizofungwa kwa mafungu, kila fungu likishika hashi ya lililotangulia, na ushahidi ukiwa mikononi mwa umma. Hakuna sarafu, hakuna mchimbaji, hakuna soko. Kama mtu ameelewa aya mbili zilizopita, ameelewa kinachoifanya kumbukumbu iliyoandikwa kwenye mnyororo iwe ngumu kubadilishwa. Kilichobaki ni kueleza kwa nini hayo hayakutosha.

Hayakutosha kwa sababu Surety ilibaki katikati. Ndiyo iliyoandika, ndiyo iliyopanga, na siku ikifunga milango hakuna wa kuendeleza mnyororo. Kwa hati za utafiti hilo lilivumilika, lakini fedha ni jambo jingine. Noti ya karatasi ikitoka mkononi mwangu haimo tena mkononi mwangu. Fedha ya kidijitali ni maandishi, na maandishi hunakilika: naweza kukutumia wewe, kisha nikamtumia mwingine ileile. Ili kuzuia matumizi hayo maradufu, lazima awepo mtu mwenye daftari la kusema nani alitumiwa kwanza. Mtaalamu wa Kimarekani David Chaum, aliyekuwa ameonyesha mapema miaka ya 1980 jinsi ya kulipana kidijitali bila benki kujua nani amelipa nini, alianzisha kampuni ya DigiCash mjini Amsterdam. Hisabati yake ilikuwa nzuri ajabu. Lakini daftari lilitegemea kampuni na benki zilizokubali kushirikiana nayo, na kampuni ilipofilisika mwaka 1998, fedha yake ilikufa nayo. Kisa hicho kiliwafunza waliofuata kuliko kitabu chochote: sarafu iliyofungwa kwenye kampuni moja ina maisha ya kampuni hiyo.

Daftari lisilo na mtunzaji mmoja litakuwaje? Chukua kikundi cha kuweka na kukopa, kama vikoba vilivyotapakaa Tanzania. Sanduku la fedha huwa na kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Lakini daftari la hesabu mara nyingi ni moja, mikononi mwa katibu. Sasa tuseme kila mwanachama apewe nakala kamili ya daftari, na kila malipo yatangazwe kwa sauti, wote wayaandike. Katibu akifuta mstari kwenye nakala yake, nakala za wenzake zitamwumbua. Katika kikundi cha watu thelathini wanaojuana hilo linawezekana kwa kalamu tu. Taabu inaanza kikundi kinapokuwa cha watu wasiojuana, waliotawanyika duniani, ambamo mtu yeyote huingia bila kuulizwa jina. Matangazo mawili yanayopingana yakitoka kwa wakati mmoja, waandike lipi? Wakipiga kura, mjanja mmoja atajiandikisha kwa majina elfu ya bandia na kushinda. Wanasayansi wa kompyuta walilijua tatizo la aina hii tangu zamani. Mwaka 1982 Leslie Lamport na wenzake wawili walilieleza kwa mfano wa majenerali wanaouzingira mji, wanaohitaji kukubaliana saa ya kushambulia huku baadhi yao wakiwa wasaliti. Lakini majibu yaliyofuata yalidhani kwamba idadi ya majenerali inajulikana. Kwenye intaneti haijulikani.

Kipande kilichokosekana kilitoka mahali ambapo hakuna aliyekitarajia, kwenye vita dhidi ya barua pepe taka. Mwaka 1997 Mwingereza Adam Back alibuni mpango alioupa jina Hashcash. Kabla ya kutuma barua, kompyuta ilazimishwe kutatua kifumbo kidogo cha hashi kinachokula sekunde chache za nguvu zake. Mtu wa kawaida hatausikia mzigo huo, ila anayetuma barua milioni atalemewa. Sasa kulikuwa na njia rahisi ya kuthibitisha kwenye intaneti kwamba mtu ametumia kitu halisi, yaani umeme na muda, na majina elfu ya bandia hayamwongezei kitu. Wengine waliiona njia ya kufika kwenye fedha wakaisogelea: Wei Dai na Nick Szabo waliandika mapendekezo yao mwaka 1998, na Hal Finney akajenga mfumo wake mwaka 2004. Hakuna aliyekamilisha.

Aliyekamilisha alijiita Satoshi Nakamoto, na hadi leo haijathibitishwa ni nani. Tarehe 31 Oktoba 2008 alisambaza kwa wataalamu wa kriptografia makala ya kurasa tisa inayoeleza Bitcoin. Mwishoni mwa makala kuna marejeo manane tu, na matatu kati ya hayo ni ya Haber na Stornetta. Nadhani hakuna ushahidi wa wazi kuliko huo kwamba mnyororo ulitangulia na sarafu ikafuata. Satoshi alichukua mnyororo wa watafiti wale, akauunganisha na kifumbo cha Back na saini za kidijitali zilizokuwapo tangu miaka ya 1970, kisha akaongeza wazo moja lililobadilisha kila kitu: mashahidi walipwe.

Mfumo unakwenda hivi. Kila mwenye fedha ana ufunguo wa siri, namba ndefu inayomwezesha kutia saini ambayo wengine wote wanaweza kuikagua bila kuujua ufunguo wenyewe. Akitaka kulipa, anatia saini tangazo la kuhamisha kiasi fulani, na tangazo linasambaa kwenye maelfu ya kompyuta zenye nakala ya daftari zima. Kila kompyuta inakagua: saini ni sahihi? Fedha hiyo haijatumika tayari? Matangazo yaliyopita ukaguzi hukusanywa kwenye fungu moja, yaani bloku, na ndani yake huwekwa hashi ya bloku iliyotangulia. Hapo ndipo mashindano huanza. Kompyuta zinazoitwa wachimbaji zinajaza namba za kubahatisha ndani ya bloku, zikijaribu moja baada ya nyingine, mpaka itokee hashi inayoanza na sifuri nyingi kama kanuni inavyodai. Hakuna njia ya mkato, ni kujaribu mabilioni kwa mabilioni ya mara. Kuipata ni kazi ngumu mno, lakini kuikagua ikishapatikana ni kufumba na kufumbua. Ugumu wa kifumbo hupimwa upya kila baada ya bloku 2,016 ili bloku mpya ipatikane kwa wastani wa dakika 10. Anayeshinda anapewa bitcoin mpya, na hiyo ndiyo njia pekee ambayo bitcoin huzaliwa. Ujira ulianza na 50 kwa bloku moja, nao hupungua kwa nusu kila bloku 210,000. Tangu Aprili 2024 ni 3.125, na jumla yote haitavuka milioni 21. Kunapotokea minyororo miwili inayopingana, kompyuta zote hufuata ule uliobeba kazi nyingi zaidi. Mwenye kutaka kughushi malipo ya mwezi uliopita itambidi arudie kazi ya bloku zote zilizofuata, peke yake, huku akishindana na dunia nzima inayoendelea kwenda mbele.

Bloku ya kwanza ina tarehe 3 Januari 2009, na ndani yake Satoshi aliweka kichwa cha habari cha gazeti la The Times la siku hiyo, kuhusu waziri wa fedha wa Uingereza aliyekuwa akikaribia kuziokoa benki kwa mara ya pili. Wengi huusoma mstari huo kama shutuma kwa mabenki, na yawezekana ni kweli. Lakini una kazi nyingine ya kiufundi: unathibitisha kwamba bloku hiyo haikutengenezwa kabla ya siku ile. Siku chache baadaye, tarehe 12 Januari, Hal Finney alipokea bitcoin 10 kutoka kwa Satoshi, malipo ya kwanza kati ya mtu na mtu.

Watetezi wa teknolojia hii hupenda kusema kwamba kilichoandikwa kwenye blokucheni hakifutiki kamwe. Hapa naona ni lazima tuwapinge, kwa sababu historia yenyewe inawapinga, na mtu mgeni akilimeza dai hilo zima ataumia. Tarehe 15 Agosti 2010 mtu alitumia kasoro ya programu akajiandikia zaidi ya bitcoin bilioni 184 katika mfumo ambao haukupaswa kuwa na zaidi ya milioni 21. Daftari liliipokea bloku hiyo bila kelele. Ndani ya saa chache programu ilirekebishwa, wachimbaji wakaanza kujenga mnyororo mwingine kutokea nyuma ya kasoro, ukaupita ule mbovu, na bilioni zile zikatoweka kana kwamba hazikuandikwa. Uamuzi ulikuwa wa watu.

Kisa cha Ethereum ni kizito zaidi. Mtandao huo, uliozinduliwa Julai 2015, ulipanua wazo la daftari: badala ya kuandika malipo tu, mtu aweze kuandika programu nzima zinazojiendesha kama mikataba. Mwaka uliofuata ulianzishwa mfuko uitwao The DAO, uliokusanya fedha zenye thamani ya takriban dola milioni 150, ambao ungeongozwa na programu bila mkurugenzi wala bodi. Tarehe 17 Juni 2016 mtu aliona ufa katika programu hiyo, akaanza kuvuta ether, sarafu ya mtandao huo, hadi zikafika takriban milioni 3.6. Kwa maandishi ya mkataba, hakuvunja kitu: programu ilimruhusu. Kwa dhamira ya waliochanga, alikuwa mwizi. Majuma kadhaa ya ubishi mkali yakafuata, na mwezi Julai wengi wakakubali kubadilisha kanuni ili fedha zirudishwe. Wachache walikataa. Walisema daftari likibadilishwa mara moja kwa sababu njema, litabadilishwa tena kwa sababu mbaya, na wakaendelea na mnyororo wa zamani kwa jina la Ethereum Classic. Sioni kwamba upande mmoja ulikuwa wa wajinga. Kilichodhihirika ni kwamba chini ya hisabati yote kuna jamii ya watu wenye kukubaliana au kutokubaliana, na mnyororo una nguvu kadiri ilivyo vigumu kuwakusanya wote kwenye njama moja. Ethereum Classic yenyewe ililipia somo hilo. Kwa kuwa ilibaki na wachimbaji wachache, washambuliaji waliweza kukodi nguvu za kompyuta kuzidi zao, na mwaka 2019, kisha mara kadhaa mwezi Agosti 2020, bloku zake ziliandikwa upya. Hashi zilikuwa nzima. Mashahidi ndio waliopungua.

Kutoka hapo yapo mapingamizi yanayostahili majibu ya kweli. La kwanza ni la umeme. Makadirio ya Chuo Kikuu cha Cambridge yanaonyesha Bitcoin imekuwa ikitumia zaidi ya terawati-saa 100 kwa mwaka, kiasi kinachozidi matumizi ya nchi nyingi. Hilo ni kweli, na siwezi kulipunguza. Mtu anayeishi mahali ambapo umeme hukatika ana haki ya kukasirika. Jibu ni kwamba gharama hiyo ni ya njia moja ya kuwalipa mashahidi, si ya mnyororo. Septemba 2022 Ethereum iliacha uchimbaji na kuhamia mfumo wa dhamana, ambamo anayetaka kuthibitisha bloku anaweka sarafu zake rehani na kuzipoteza akidanganya. Matumizi yake ya umeme yalipungua kwa zaidi ya asilimia 99. Wapo wanaodai kwamba mfumo wa dhamana huwapa matajiri sauti kubwa, na ubishi huo haujaisha.

Pingamizi la pili ni la Afrika Mashariki hasa: haya yote ya nini, ilhali tuna M-Pesa? Tangu Machi 2007 Mkenya anatuma fedha kwa simu ya kawaida, na Mtanzania alimfuata mwaka mmoja baadaye. Bitcoin huweza kupitisha miamala kama saba kwa sekunde, na M-Pesa inapitisha mara nyingi zaidi ya hiyo, tena ukikosea namba kuna mtu wa kumpigia. Pingamizi hili ni zuri, na mimi nalikubali karibu lote, kwa sababu linaniunga mkono. M-Pesa ni daftari la mtunzaji mmoja. Ni la haraka kwa sababu hiyohiyo: hakuna haja ya kusubiri maelfu ya kompyuta zikubaliane. Anayemwamini mtunzaji, na ambaye kuna sheria, benki kuu na mahakama za kumbana mtunzaji huyo, hana haja ya mnyororo. Kampuni nyingi zililipa ghali kulijua hili. Maersk na IBM walizindua TradeLens mwaka 2018 ili kumbukumbu za makontena zikae kwenye blokucheni, na Novemba 2022 wakatangaza kuifunga, baada ya kushindwa kupata ushirikiano mpana wa sekta hiyo. Mwezi uleule, Soko la Hisa la Australia liliacha mradi wa miaka mingi wa kuhamishia hesabu zake kwenye teknolojia hiyo, likafuta vitabuni takriban dola milioni 250 za Australia. Soko la hisa lenye mamlaka kisheria juu ya daftari lake lilikuwa linanunua dawa ya ugonjwa lisiokuwa nao. Lakini hesabu hubadilika pale mtunzaji anapokosekana: fedha inapovuka mipaka ya nchi ambazo mabenki yake hayazungumzi, au mahali ambapo serikali yenyewe ndiyo inayoshukiwa kuchezea kumbukumbu.

La tatu ni kwamba hii ni biashara ya matapeli. Matapeli wapo wengi, na wamewaumiza watu wetu. OneCoin, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Ruja Ignatova, iliuzwa duniani kote, Uganda ikiwamo, na waendesha mashtaka wa Marekani wanasema ilikusanya zaidi ya dola bilioni 4. Watu walinunua vifurushi vya masomo na kuahidiwa sarafu, wakawaleta jamaa zao. Ignatova alitoweka Oktoba 2017, na mshirika wake Karl Greenwood alihukumiwa miaka 20 jela mwaka 2023. Lakini uchunguzi ulifichua jambo linalopaswa kufundishwa kila mahali: OneCoin haikuwa na blokucheni ya kweli. Bei iliamuliwa na wenye kampuni, na hesabu zilikaa mahali ambapo hakuna mteja aliyeweza kukagua. Hata Mt. Gox, soko la Tokyo lililoanguka Februari 2014 likitangaza kupotelewa na takriban bitcoin 850,000, lilikuwa duka lililoshika funguo za wateja kwa niaba yao, na daftari la ndani la duka halikuonwa na mtu. Mnyororo wa Bitcoin uliendelea kutoa bloku zake kama kawaida. Basi anayeambiwa anunue sarafu fulani aulize kwanza nakala ya daftari iko wapi na kama yeye anaweza kuipakua leo hii. Asipopata jibu, hakuna blokucheni hapo.

Pingamizi la mwisho ndilo linalonigusa zaidi, nalo linahusu ardhi. Wapo wanaoahidi kwamba hati za ardhi zikiwekwa kwenye blokucheni, migogoro itakwisha. Mwaka 2016 Georgia, nchi ya eneo la Kaukasi, iliingia makubaliano na kampuni ya Bitfury, na hashi za hati zake za ardhi zikaanza kuwekwa kwenye mnyororo wa Bitcoin, ili hata afisa wa juu kabisa asiweze kubadilisha jina la mwenye kiwanja bila kuonekana. Kazi hiyo ilifanikiwa na mara nyingi hutolewa kama mfano. Kinachosahaulika ni kwamba Georgia ilikuwa imeanza kusafisha masijala yake tangu mwaka 2004: ilianzisha wakala mpya, ikapambana na rushwa na kuingiza kumbukumbu kwenye kompyuta. Mnyororo ulikuja kulinda daftari ambalo lilikuwa limekwisha kuwa safi. Huko Honduras, mradi wa aina hiyo uliotangazwa mwaka 2015 haukufika popote.

Hashi haijui shamba ni la nani. Inajua tu kwamba maandishi ya leo ni yaleyale ya jana. Karani akiandika jina la mporaji kwenye bloku, uporaji huo utalindwa kwa uaminifu uleule ambao ungemlinda mjane mwenye haki. Katika ukanda wetu, Kenya iliunda kikosi kazi cha teknolojia hii mwaka 2018, chini ya Bitange Ndemo, nacho kikatoa ripoti mwaka uliofuata. Nchi yoyote ya ukanda huu itakayotaka kuifuata njia ya Georgia ina kazi ya kufanya kabla ya kununua hata kompyuta moja: kupima mipaka upya pale inapogombaniwa, kusikiliza madai mbele ya majirani wanaolijua eneo, kufuta hati pacha, na kuamua ni taasisi zipi, zisizo na bosi mmoja, zitakazoshika nakala za daftari.